Siku mbili za kupumzika zimekuwa tisa

Shikamoo dada Mshauri.

Mimi ni baba wa watoto wanne, mkazi wa Kibosho, na kazi yangu ni kubeba mizigo ya watalii katika Mlima Kilimanjaro. Sisi wenyewe tunaitana wagumu. Nilianza mwaka 1999 nikiwa na miaka 22, na sasa nina miaka 48, hivyo zaidi ya nusu ya maisha yangu nimekuwa nikipanda na kushuka mlima ule, mara nyingi kwa njia ya Machame, mara nyingine Lemosho au Rongai. Sijawahi kuugua mlimani kiasi cha kuteremshwa, wala mzigo wa mgeni haujawahi kuchelewa kufika kambini kwa sababu yangu. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali usije ukadhani kwamba unaandikiwa na mtu mlegevu.

Tatizo langu si kupanda. Nikiwa njiani bado nafika pamoja na wenzangu, nasimamisha hema, nachota maji. Tatizo ni baada ya kurudi. Zamani nikitoka safari ya siku saba nililala nyumbani usiku mbili, na siku ya tatu nilikuwa getini nikiulizia safari nyingine. Katika msimu wa Julai hadi Oktoba niliweza kuunganisha safari tatu kwa mwezi mmoja. Mwaka juzi nikaona nahitaji siku nne, mwaka jana sita, na baada ya safari yangu ya mwisho, Septemba hii, zilipita siku tisa kabla sijaweza kushuka ngazi za kanisani bila kushika ukuta. Mapaja yanauma, magoti yanakaza asubuhi, na usingizi wenyewe unakatika kwa kuwa naamka mara tatu kwenda haja ndogo. Februari nilijikwaruza ugoko kwenye ule ukuta wa Barranco, kidonda kidogo tu ambacho zamani nisingekumbuka hata kimepona lini, lakini hiki kilifunga katikati ya Aprili.

Njia yangu ya kujitibu imekuwa hii: nikishuka naonja mbege, pombe yetu ya ndizi, na wenzangu, kisha najifungia kitandani siku tatu nzima, nisiguse hata jembe. Mlimani nameza diklofenaki, asubuhi moja na jioni moja, tangu siku ya kwanza, ili maumivu yasinikute. Nazinunua duka la dawa bila cheti. Mama watoto hajui, na mwongozaji wetu hajui.

Lililonifanya nikuandikie lilitokea katika safari hiyo ya Septemba, tulipokuwa tukishuka kutoka kambi ya Barafu kwenda Mweka. Kijana mmoja wa miaka 24, ambaye mimi ndiye niliyemleta kwenye kazi hii na kumfundisha namna ya kufunga mzigo ili usimvunje shingo, alinisubiri kwenye kona, akautwaa mzigo wangu bila kuniuliza, akauongeza juu ya wake na kuniambia, "Mzee, leo tembea mikono mitupu." Wenzetu walikuwa wanatazama. Sikumshukuru. Nilimfuata nyuma hadi kambini bila neno, na tangu siku hiyo hatujasemeshana.

Nadhani habari zilifika ofisini, kwa sababu wiki iliyofuata bosi aliniita, akanipa nafasi ya kukaa stoo mjini Moshi: kukagua mahema yanaporudi, kushona zipu, kuhesabu majiko na magodoro. Kuna mshahara wa mwezi, lakini bahshishi hakuna, na bahshishi ndiyo inayomlipia binti yangu aliye mwaka wa pili chuoni, maana mkopo wa Bodi ya Mikopo haumtoshelezi. Mama watoto anasema niachane na yote mawili nirudi kihambani, tuna migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kijana wangu wa kwanza, mwenye miaka 20, anasema yeye ataingia mlimani badala yangu. Bosi anataka jibu kabla ya msimu wa Desemba.

Dada, mimi sijui kama huu ni uzee, au ni uvivu umeniingia. Baba yangu alilima mpaka akiwa na miaka 70. Nikikubali stoo nitakuwa nimekiri kwamba nimekwisha, na nikikataa naogopa kwamba safari moja ya mbele nitabebwa kwa machela mbele ya wale niliowafundisha. Naomba mawazo yako.

Mgumu, Kibosho.

Mshauri anajibu

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali tofauti, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu uliyoyafunga katika mzigo mmoja: kuna mwili unaochelewa kurudi katika hali yake, kuna kazi ambayo hujui kama uiache, na kuna jina la mgumu, ambalo nadhani ndilo zito kuliko hayo mengine. Niruhusu niyafungue moja baada ya jingine, nikianza na mwili, kwa kuwa nilikuwa muuguzi kabla ya kushika kalamu hii na siwezi kujizuia.

Umeuliza kama ni uvivu. Mtu mvivu hakerwi na siku za kupumzika, wewe unazihesabu kama mtu anayehesabu deni. Unachokieleza kinafahamika vizuri. Ukitoka Barafu, kwenye mita 4,673, hadi geti la Mweka, kwenye mita 1,640, umeshuka zaidi ya mita 3,000 kwa muda usiotimiza siku mbili, na katika kushuka misuli ya mapaja ndiyo breki: inajikaza huku inavutwa, na kazi ya namna hiyo huzichana nyuzi za msuli, machano madogo sana, zaidi ya kupanda kunavyofanya. Ndiyo maana maumivu hayaji siku hiyohiyo bali huzidi siku ya pili na ya tatu, na ndiyo maana unapata shida na ngazi za kushuka kanisani kuliko za kupanda. Mwili wa kijana huzikarabati nyuzi hizo haraka. Kadiri umri unavyosonga, seli za akiba zinazofanya ukarabati hupungua, usingizi mzito ambao ndani yake mwili hujijenga nao hupungua, na msuli wenyewe huhitaji chakula kingi zaidi cha kujenga mwili ili ufanye kazi ileile. Mchakato huu huanza kimyakimya katika miaka ya 30, kwa mkulima, kwa mwanajeshi na kwa mchezaji wa mpira. Wewe umeugundua kwa sababu kazi yako ina mizani: safari ni ileile, njia ni ileile, na mzigo ni uleule wa kilo 20 unaopimwa getini. (Kama kilo zinazosomwa getini ndizo zinazofika kambini, hilo unalijua wewe kuliko mimi.)

Hata hivyo, mdogo wangu, sitaki tuubebeshe umri kila kitu. Katika barua yako umetaja mambo mawili kama ya kupita tu, nami ndiyo yaliyonisimamisha zaidi: kidonda kidogo cha ugoko kilichotoka Februari hadi Aprili, na kuamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo. Siwezi kukupima kwa barua, na huenda kila kimoja kina sababu yake. Mwanamume anayekaribia miaka 50 anaweza kuamka usiku kwa ajili ya tezi dume, na kidonda kwenye baridi na vumbi kinaweza kuchelewa. Lakini vidonda vinavyochelewa kupona, haja ndogo ya mara kwa mara na uchovu usioisha ni dalili ambazo muuguzi yeyote akizisikia pamoja huulizia sukari. Huenda utaniambia kwamba kisukari ni ugonjwa wa watu wanene wanaokaa ofisini. Huwapata zaidi hao, lakini nimewahudumia wembamba wengi, na baadhi yao walikuwa wachapakazi wa mashambani ambao nao walisema ni uzee. Kipimo chenyewe ni tone la damu asubuhi kabla hujala, na majibu hupatikana papo hapo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi kama utakuwa Moshi, uombe wakupime sukari, shinikizo la damu, wingi wa damu na figo. Uamuzi wa Desemba utakuwa tofauti kabisa ikiwa kinachokuchelewesha ni kitu chenye tiba.

Figo nimezitaja kwa makusudi, kwa sababu ya diklofenaki. Nakuelewa kwa nini unaimeza, na sitakukaripia, lakini ni lazima nikueleze inavyofanya kazi. Dawa ile hupunguza uvimbe na maumivu, na katika kufanya hivyo hupunguza pia damu inayopita kwenye figo na kinga ya utando wa tumbo. Kwa mtu anayekunywa maji ya kutosha na kuimeza kwa siku chache kwa agizo la daktari, madhara huwa si makubwa. Wewe unaimeza siku saba mfululizo, ukitoka jasho kwenye hewa kavu, ambako nadhani maji mengi unayoyachota huenda kwa wageni kabla ya kwako, kisha unashuka na kuikutanisha na mbege. Inaweza kutoboa tumbo, inaweza kupandisha shinikizo la damu, na inaweza kuziumiza figo bila kukupa dalili yoyote hadi muda umepita. Tena kuna jambo ambalo kwa mgumu naliona baya kuliko yote hayo: inakuzibia masikio. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakikuambia goti limefika wapi, nawe umeyanyamazisha tangu getini. Nenda na pakiti yenyewe kwa daktari, umwambie kiasi unachomeza bila kupunguza hata kidonge kimoja.

Kuhusu siku zako tatu za kujifungia, najua zinatoka kwenye akili ya kawaida, kwamba aliyechoka alale. Usingizi ndiyo, ulale kadiri unavyoweza, hasa kwa kuwa huko juu kwenye baridi na hewa nyepesi hamlali sawasawa. Lakini msuli usioguswa kabisa hukaza na kupungua nguvu ndani ya siku chache, na kwa mtu wa umri wako hupungua haraka na kurudi polepole. Kutembea taratibu hadi kwa jirani, kukata majani ya ng'ombe kidogo, kupalilia mstari mmoja, hivyo huipeleka damu mahali inapohitajika. Chakula nacho kina neno lake. Sijui mnakula nini kambini siku hizi, lakini kama ni ugali mwingi na mchuzi mdogo, mwili unapewa mkaa bila matofali. Una ng'ombe wa maziwa nyumbani. Maziwa hayo, maharage, mayai, dagaa, na mtori wenye nyama ya kutosha, ni mambo ya kula kila siku katika wiki ile ya kurudi, wala si ya mama aliyetoka kujifungua peke yake. Wachaga mlijua zamani kwamba mwili uliopasuka hujengwa kwa mtori. Sijui kwa nini mliamua kwamba wanaume hawapasuki.

Sasa nije kwenye kazi. Umenipa njia tatu, stoo, kihamba na kumwachia kijana, na ya nne hukuitaja kwa jina ingawa ndiyo uliyoizoea: kuendelea. Nianze na hiyo, maana naona ndiyo moyo wako unakoelekea. Ukiendelea, kilichobadilika ni hesabu. Kwa miaka 26 umehesabu safari kuwa siku saba. Kwa mwili wako wa sasa safari ni siku 16: saba za mlimani na tisa za nyumbani. Jaribu kukaa na binti yako, ambaye bila shaka ni hodari wa hesabu kuliko sisi, mpige hesabu ya mwaka mzima kwa mtindo huo, safari moja kwa mwezi, au mbili katika msimu mzuri, mkaulize kama bahshishi ya safari hizo chache inazidi mshahara wa stoo wa miezi 12, ikiwemo ile miezi ya masika, Machi hadi Mei, ambapo wageni ni wachache. Mimi sijui jibu litakuwa lipi, kwa kuwa hukunitajia viwango. Hatari ya njia hii unaijua: mwongozaji akikupigia simu mara mbili ukamwambia bado unapumzika, mara ya tatu atampigia mwingine. Hatari nyingine ni kwamba huenda hutavumilia kukaa siku tisa ukiwaona wenzako wanapita, ukaenda siku ya tano na pakiti mfukoni.

Stoo umeiita kukiri kwamba umekwisha. Labda. Lakini nimejiuliza bosi anapata nini. Mahema yanarudi yakiwa na zipu mbovu na majiko yanayovuja, na mtu asiyewahi kulala Barafu upepo ukivuma hawezi kujua ni zipu ipi itakayomgharimu mgumu usingizi. Inawezekana alikuonea huruma, na inawezekana pia kwamba anahitaji jicho lako. Ungeweza kumuuliza. Ungeweza vilevile kumuuliza kama stoo na mlima lazima vitenganishwe, au kama unaweza kukaa stoo mwaka mzima na kupanda safari chache za msimu. Kama mshahara huo una mkataba na michango ya NSSF. Na kama mpishi wenu anahitaji msaidizi. Hayo ni maswali ya mtu anayejua thamani yake, na hayakufungi. Hatari ya stoo ni pengo la bahshishi, ambalo ni la kweli, na ni upweke pia. Umezoea kulala hema moja na watu sita wanaocheka, na stoo ina rafu.

Kuhusu kihamba sitasema mengi, kwa kuwa mama watoto anakijua kuliko mimi. Nitakukumbusha tu kwamba kihamba nacho si kitanda: mkungu wa ndizi ni mzigo, majani ya ng'ombe ni mzigo, na kahawa huleta fedha kwa msimu ilhali ada haingoji msimu. Lakini nina swali. Umesema hajui habari za dawa. Je, anajua habari za siku tisa, au anakuona tu umelala na kuelewa anavyoelewa? Anapokuambia urudi nyumbani, wewe unasikia kwamba umechoka na hufai. Huenda anachosema ni kwamba anaogopa ile simu ya usiku kutoka mlimani. Mke wa mgumu hungoja siku saba kila safari, nawe kwa miaka 26 umemngojesha mara nyingi sana.

Kijana wako wa miaka 20 ananipa wasiwasi wa namna nyingine. Simkatalii mlima, ni kazi halali iliyowasomesha yeye na dada yake. Ila angalia asiingie kwa sababu ya kukuokoa, maana aliyeingia kwa sababu hiyo hushindwa kutoka. Muulize angefanya nini kama magoti yako yangekuwa mazima, kisha usikilize bila kumkatiza. Na akiingia, basi aingie akijua habari za breki za mapaja na habari za pakiti ya diklofenaki, kutoka kinywani mwako.

Limebaki lile jina. Mtumishi wa serikali nchini mwetu anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 analazimika. Yeye huandaliwa barua na tarehe, na watu humfanyia sherehe. Mgumu hana tarehe. Hakuna siku ambayo mtu atakuja getini kumwambia asante, sasa inatosha. Kwa hiyo mwili ndio unaoachiwa kuandika barua, na huiandika vibaya, kwa goti na kwa aibu mbele za watu. Umemtaja baba yako aliyelima hadi miaka 70. Lakini je, alilima kwa mwendo uleule wa miaka 25, au alianza mapema, akakaa chini ya mgomba jua lilipopanda, akamalizia jioni? Wazee wengi niliowaona wakilima hadi uzeeni walikuwa mafundi wa kupumzika, na hakuna aliyewaita wavivu. Nakuomba uikumbuke vizuri siku moja ya baba yako shambani, kuanzia alfajiri, kabla hujamtumia kujihukumu.

Na huyo kijana wa miaka 24. Umeniandikia kwamba alikufedhehesha, na siwezi kukuambia kwamba hukuumia. Lakini yeye naye alikuwa na mzigo wake kichwani, kwenye mteremko uleule, na akauongeza wako juu yake. Nani alimfundisha kwamba mgumu hamwachi mwenzake njiani? Nadhani unalijua jibu. Huko kwenu anayetaka suluhu hupeleka jani la sale, ingawa sioni kama hapa kuna kosa linalohitaji jani. Ulisema hukumshukuru, na sasa wiki zinapita. Kabla ya Desemba, kabla ya bosi, labda hata kabla ya ile foleni ya kupima sukari, ungeweza kumtafuta. Mwambie pia habari za siku tisa; anashuka mlima uleule, na naye hajazianza kuzihesabu zake.

Niandikie tena ukishapata majibu ya vipimo. Nitapenda kujua.